Kiti cha Muthoni

Ndiyo, kiti. Si shamba, si mahari, wala si mtu alilewa akatukana mwenzake. Kiti kidogo cha miguu mitatu, kile cha wazee, ndicho kilisimamisha watu wote kwa boma ya Kimeu na nyama ikiwa imeshaiva. Lakini ukitaka kuelewa vizuri lazima turudi nyuma mpaka Januari, kwa sababu haya maneno yalianzia kanisani.

Huyu Kimeu aliendesha lori maisha yake yote. Mombasa, Malaba, Malaba, Mombasa. Alipoacha kazi akarudi nyumbani, hapo mbele kidogo ya Mutomo ukishuka kwa bonde, akagundua kitu hakuna mtu alikuwa amemwambia: mtu aliyezoea usukani hajui kukaa. Anaamka kabla ya kuku. Anafagia uwanja ambao bibi yake Kavindu ameshafagia. Anamfuata Kavindu jikoni, anafunika sufuria ambayo haitaki kufunikwa, anauliza chumvi iko wapi na yeye hapiki. Kavindu ni mwanamke mpole sana, lakini na yeye alifika mahali. Siku moja alimwambia, "Baba Mutanu, hiyo lori yako hawawezi kukurudishia hata jioni tu?"

Sasa Jumapili ya kwanza ya mwaka pasta akasimama akasema safari hii hataki kusikia yale maazimio ya kila siku.

"Kuacha soda, kupunguza mwili, kuamka mapema tuombe, hayo mlisema mwaka jana na tuliwaona," akasema. "Mwaka huu kila mtu ataje kitu kimoja cha mikono. Kitu cha kufurahisha roho tu, si cha kupeleka sokoni. Mungu mwenyewe alianza na udongo."

Akasema yeye atajifunza kupiga gitaa, na bibi yake pale mbele akafunika uso na leso.

Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mwingine atashona, mwingine atapanda maua, si mboga, maua. Kavindu akasema atafuma vitambaa vya viti. Kimeu hakuwa amepanga kitu, alikuwa anaangalia paa akihesabu mabati yenye kutu. Kavindu akamdunga na kiwiko. Akajikuta amesimama, na mdomo ukasema wenyewe: "Mimi nitachonga kiti. Kile cha wazee."

Kisilu, fundi wa baiskeli, ambaye hata kwa mazishi lazima aseme kitu, akauliza kutoka nyuma, "Utakiwekea honi?"

Kanisa lote likacheka, na Kimeu akacheka, lakini alipokaa chini masikio yalikuwa moto. Amesema mbele ya watu. Hakuna kurudi.

Basi akatafuta ngomo, ile shoka ndogo ya kuchongea, akapewa na mzee mmoja wa sokoni ambaye macho yalikuwa yamekataa kazi. Akakata gogo la mti wa mukau. Akakaa nyuma ya nyumba kwa kivuli akaanza kugonga. Kiti cha kwanza kilipasuka katikati kama mkate. Cha pili kilisimama, lakini kimeinama upande mmoja kama mbuzi anayesikiliza mlango, na Kavindu akakichukua akawekea ndoo. Cha tatu akakiharibu miguu. Hakujali. Unajua alichokipenda? Ni vile saa zinapita bila barabara. Alikuwa anashika mti asubuhi, akiinua kichwa jua limezunguka, chai imepoa karibu yake na hakuskia ikiletwa. Mtu huyo hakuwa amewahi kusahau chai tangu azaliwe. Na Kavindu huko jikoni alifunika sufuria zake mwenyewe, akaimba.

Jioni alikuwa anakuja Muktar. Huyu Muktar walijuana zamani, walikuwa wanapakia mbuzi zake kwa lori ya Kimeu, na sasa ana duka hapo Mutomo na bado ananunua mbuzi. Anakuja anakaa, anakunywa chai yenye sukari nyingi, anaangalia.

"Na wewe ungesema nini kanisani?" Kimeu akamuuliza siku moja.

"Mimi? Ningesema narudia mashairi. Nikiwa kijana nilikuwa natunga ya ngamia, mzee, ungelia."

"Na kwa nini uliacha?"

"Nilioa Ismahan. Alisema, kila siku ngamia, ngamia, mimi hunioni?"

Ni Muktar alimletea waya wa shaba, alitoa kwa pampu iliyokufa. Kwa sababu kiti cha wazee hakiachwi uchi. Unakigongea waya pale juu, vipande vidogo vidogo, mpaka vinatengeneza mapambo, na ukipiga msasa vinang'aa.

Hapo katikati ndiyo Mutanu akapiga simu. Mutanu ni binti yao wa pekee, ni nesi, kazi yake iko Zombe. Alikuwa amepita miaka thelathini na kitu, na wamama wa kanisa walikuwa wameanza ile tabia ya kumshika mkono wanamwombea bila kuulizwa. Sasa amepata kijana anaitwa Ndolo, ana duka la misumari na rangi hapo hapo Zombe, watu wao ni wa Nunguni, huko juu kwenye baridi. Wazee walikuwa wamekuja mara moja kujuana. Mbai zilitajwa, maana kwetu Wakamba hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa, wewe ni wa mbai gani, ukoo gani. Mkiwa wa mbai moja nyinyi ni ndugu, hata kama babu zenu hawakuwahi kuonana, na hakuna ndoa hapo. Kimeu akataja yake, na Kyule, baba ya Ndolo, akataja yake. Zikawa mbali kabisa. Watu wakapumua wakanywa chai.

Sasa Mutanu anasema Ndolo na watu wake wanakuja mwezi wa nne na mbuzi za ntheo. Ntheo ndiyo yenyewe. Mbuzi inachinjwa, pande mbili zinakula pamoja, na nyama hiyo ikishapita kooni basi msichana ni wa huko. Mengine yote, kanisa, gauni, picha, hiyo ni sherehe tu.

Kimeu akaweka simu chini akaangalia kiti alichokuwa nacho mkononi. Hiki kilikuwa kimekubali. Miguu mitatu imesimama sawa, kiuno kizuri. Akajua ni cha nani. Atampa Kyule, muthoni wake, mkwe mwenzake. Na juu yake ataweka alama ya mbai yake mwenyewe, ili huyo mzee akikikalia huko Nunguni akumbuke msichana ametoka kwa nani.

Shida ni kwamba alama yenyewe hakuijua. Zamani kila mbai ilikuwa na alama yake, wanachoma kwa ng'ombe, wanachora kwa mishale, lakini baba yake Kimeu alikufa yeye akiwa bado anatambaa, na mtu akikulia kwa lori atafundishwa alama na nani? Hapo ndipo akakumbuka mzinga. Chini bondeni kwa shamba lao kulikuwa na mzinga wa zamani wa gogo, ulianguka kitambo, umekauka, umelala kwa nyasi. Akashuka akaugeuza na mguu. Na kweli, kwa kile kifuniko cha mbele alama ilikuwepo, imechomwa na chuma: mistari miwili imelala, na katikati kitu kama kwato la mbuzi. Kimeu akachuchumaa hapo muda mrefu. Alifuata ile alama na kidole. Hakuwa na picha ya baba yake, hakuwa na kofia yake, hakuwa na kitu. Alirudi juu akitembea kama amepewa barua.

Alipomaliza kugonga waya alimwonyesha Muktar. "Hii ni ya baba," akasema, na Muktar akaona machozi akaangalia kando.

Wageni wakafika Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, uwanja umeshikana vizuri, hakuna vumbi. Kyule akatoka kwa gari na koti zito la Nunguni, anavuja jasho na anakataa kulivua. Alikuja na rafiki yake Mwau, mzee mwembamba ambaye anacheka bila sauti, na wamama wachache, na Ndolo amevaa viatu vinavyomfinya. Mbuzi zikakaguliwa, zikakubaliwa. Aliyechinja ni Muktar, na kisu chake, ili na yeye ale. Mwau akasema kisu kikiwa kikali mbuzi haiulizi ni cha nani. Wamama wa kanisa wakashika sufuria. Mchele, chapati, muthokoi wa Kavindu, yale mahindi ya kukobolewa, na ndengu, nyama ya kuchemsha na ya kuchoma. Viti vya plastiki vilikodishwa vikapangwa chini ya hema. Harufu ilikuwa imefika barabarani.

Kabla ya kukaa kula, Kimeu akaona ndiyo wakati. Akatoka nyumbani na kiti kimefunikwa na kitambaa kimoja cha Kavindu.

"Muthoni," akasema, "mimi si mtu wa hotuba. Hiki nilichonga na hii mikono. Kukiwa na kosa usiseme leo."

Watu wakacheka. Kyule akapokea, akatoa kitambaa, akakigeuza juani. Akatabasamu. Halafu tabasamu ikasimama hapo, ikakaa muda, ikaondoka.

"Hii alama," akasema. "Ulitoa wapi?"

"Ni yetu. Ya mbai yetu. Ni ya baba."

Kyule akampa Mwau kiti. Mwau akaangalia, akaacha kucheka.

"Kimeu," Kyule akasema polepole, "hii ni alama yetu. Mimi nimechoma ng'ombe na hii alama nikiwa kijana. Mistari miwili na kwato."

Hapo hata mafuta ya sufuria yakaanza kusikika. Kimeu akasema hapana, mbai walitaja, si ziko tofauti? Kyule akasema ndiyo, zilitajwa. "Lakini jina mtu anaweza kuambiwa akiwa mdogo. Baba yako alikuja huku kutoka wapi?"

Na hilo ndilo swali Kimeu hakutaka. Kwa sababu baba yake hakuzaliwa Mutomo. Alikuja akiwa kijana, peke yake, wakati wa njaa, akapokelewa na watu. Jina la mbai ambalo Kimeu alitaja ni la baba yake mwenyewe ama ni la hao waliompokea? Alijuaje? Hakuwahi kuuliza.

"Sisemi ni hivyo," Kyule akasema, na usimlaumu, alisema kwa heshima. "Nasema hatuwezi kula hii nyama kama hatujui. Tukila imeisha. Na kama hawa ni ndugu, tutakuwa tumefanya nini?"

Kwa hivyo hakuna aliyekaa. Fikiria hema imejaa viti na watu wote wamesimama nyuma ya viti, kama wanangoja wimbo wa taifa. Ndolo alikuwa anaangalia viatu. Mutanu alikuwa ametoka jikoni na karai la maji ya kunawa, na birika mkono mwingine, akabaki hapo hapo mlangoni. Hakulia. Aliangalia baba yake tu, na macho yake hayakuwa na lawama, na hiyo ndiyo ilimmaliza Kimeu kabisa. Akajiambia, mimi ningenyamaza kanisani. Ningesema nitapanda maua kama yule mwingine. Ningeweka mduara, nyota, kuku, kitu chochote kwa hicho kiti. Mtoto wangu amengoja miaka hii yote, na mimi ndio nimemwekea gogo barabarani, tena nimelipiga msasa.

Kavindu akaja akasimama karibu naye, akamshika mkono wa shati.

Aliyesema ni Muktar, bado ana kisu chake ameweka kwapani.

"Wazee, mniruhusu, mimi ni mgeni kwa haya mambo," akasema. "Lakini sisi pia tunachoma alama, kwa ngamia. Na kwangu kuna ngamia ana alama ya watu mimi hata siongei nao. Nilimnunua. Sasa mtu akija akiona huyo ngamia aseme Muktar ni mtoto wa hao? Mbona hamuulizi mzee alama aliitoa wapi?"

"Amesema ni ya baba yake," Kyule akasema.

"Ndiyo, lakini ilikuwa wapi? Kimeu, ilikuwa wapi?"

"Kwa mzinga," Kimeu akasema. "Mzinga wa baba, huko chini."

"Alikwambia ni wake?"

"Nilikuwa natambaa, Muktar."

"Basi ni nani alikwambia?"

Kimeu akafikiria. Ni ukweli, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Mzinga ulikuwa kwa shamba la baba, yeye akaona ni wa baba.

Hapo Kavindu akaachilia ule mkono wa shati. "Kwani Kavata yuko wapi?" akauliza.

Kavata ni dada mkubwa wa Kimeu, ndiye alimbeba mgongoni. Amezeeka, masikio yamekuwa mazito, na hiyo siku alikuwa amewekwa nyuma ya jikoni kwa jua na sahani ya maini, kwa sababu hana meno ya kungojana na wengine. Hakuwa amesikia kitu chochote. Hakuna mtu alikuwa amefikiria kumuuliza, si unajua vile tunafanyia wazee, tunawapa maini tunawasahau. Wakamleta polepole, sahani bado anayo, ameishika vizuri akidhani wanataka kumnyang'anya.

"Kavata," Kimeu akamwita kwa sikio. "Ule mzinga wa huko chini. Ni wa baba?"

"Wa nani?"

"Wa baba. Wa nyuki."

Kavata akamwangalia kama ameuliza kama baba yao alikuwa rubani. "Baba na nyuki?" akasema. "Baba akiumwa na nyuki mmoja anafura mpaka haoni. Mara moja alifura hivi, mama alimwongoza kwenda choo na kamba. Baba hangeshika mzinga hata ungekuwa na pesa ndani."

"Sasa ulikuwa wa nani?"

"Wa yule Musyoka. Musyoka wa kuvuta mguu. Mtu wa milima huko kwa baridi, alikuwa anakuja kutundika mizinga yake huku chini kwa sababu huku ndiko kuna maua ya miiba. Alimwomba baba ruhusa. Akivuna anatuachia asali kwa kibuyu. Wewe ulikuwa unapakwa kwa ulimi ndiyo unyamaze. Ulikuwa mtoto wa makelele sana."

Kyule akasogea. Akainama, akaongea kwa sikio la Kavata, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, na alama ya baba yenu unaijua?"

"Si mimi ndio nilikuwa nashikilia ndama wakichomwa," Kavata akasema. Akampa Kavindu sahani ashike, akachukua fimbo, akachora kwa uwanja, na kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha mistari ilitoka safi kabisa: mmoja mrefu umesimama, na mitatu mifupi kando yake, kama kichana kilichokatika.

Mwau ndiye alicheka wa kwanza. Kile kicheko chake cha mabega.

"Kyule," akasema, "hiyo ni ya wajomba zangu. Nimechunga ng'ombe zao zenye hiyo kitu mpaka nikachoka. Na mbai ya wajomba zangu unaijua, ni ile ile alikutajia hapa, siku ya kwanza, ukiwa unakunywa chai yake."

Kyule akaangalia ile michoro. Akaangalia kiti. Akavua koti, mwishowe, akampa kijana wake ashike, akapangusa uso wote na shingo.

"Na huyu Musyoka?" mmoja wa wamama wa Nunguni akauliza. "Ni Musyoka gani wetu?"

"Akina Musyoka tuko nao wengi," Kyule akasema. "Wacha apumzike. Alikuwa analipa asali, hana deni."

Kimeu hakuskia hiyo yote vizuri. Alikuwa ameshika nguzo ya hema kama alivyoshika usukani ile siku breki zilikataa hapo Mtito na lori ikasimama yenyewe kwa kilima. Aliona Mutanu ameweka karai chini, ameinama kwa bega la shangazi yake, na sasa ndiyo analia, na Kavata anamuuliza kwa nini analia na maini bado yako. Aliona Ndolo amevua kiatu kimoja hapo hapo mbele ya wazee, bila haya, na hakuna mtu alimwambia kitu.

"Nisamehe, muthoni," Kyule akamwambia. "Lazima ningeuliza."

"Ungekosa kuuliza ningekushangaa," Kimeu akasema. "Lete nikibadilishe. Nitatoa huo waya niweke alama yetu."

"Unataka kuharibu kiti cha watu?" Kyule akakivuta kwake. "Umenichongea kiti na alama ya baba zangu bila kuambiwa na mtu, halafu unataka kukichukua. Hapana. Wewe jichongee kingine."

"Atachonga tu," Kavindu akasema. "Kama kuna mti umebaki Mutomo."

Wamama wa kanisa wakacheka, na kicheko hicho kikafungua kila kitu. Vifuniko vikaanza kutoka kwa sufuria, moshi ukapanda, mtu akaitisha vijiko. Muktar akaosha kisu akakirudisha kwa ala. Mutanu akachukua karai na birika akaanza na Kavata, halafu Kyule, halafu Mwau, akawamwagia maji mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa baba yake akamwagia mengi kuliko inavyotakiwa, mpaka yakalowesha viatu.

Pasta akaombea chakula, akaomba kwa ufupi, jambo ambalo watu walishukuru. Na ndipo wakakaa. Kyule akakaa, Mwau akakaa, Ndolo akakaa na kiatu kimoja, wamama wa Nunguni na wamama wa Mutomo wakachanganyika bila kupangwa. Kimeu akashika ubavu, akauvunja kwa mikono, akampa muthoni wake kipande cha kwanza. Kavindu akatoka jikoni wa mwisho, akatafuta nafasi akaipata karibu na mzee wake, akanyoosha miguu, akasema, "Haya, sasa tule."